Sura ya Tano: Namba ya Pili

Lori la viazi likitoka Njombe na kufika Makambako, linapimwa. Hapo ndipo barabara ya Songea inapokutana na barabara kuu ya kwenda Zambia, na reli ya TAZARA nayo inapita mjini humohumo. Kwenye mizani dereva hupandisha gari taratibu, ekseli baada ya ekseli, na uzito unasomwa kwa kilo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari kubwa kabisa pamoja na mzigo wake, ukizidisha, unalipia. Kwa viazi vingi vya mkoa huu hiyo ndiyo mara ya kwanza kukutana na mizani tangu vichimbwe, na vinapimwa ili lami isiharibike. Kule shambani, Uwemba, Luponde au Mtwango, aliyevilima alilipwa kwa gunia.

Na gunia si kipimo, ni chombo. Likijaa hadi mdomoni, mfungaji wa kawaida angechukua sindano na kamba akalishona. Mfungaji wa lumbesa haishii hapo. Anaunga kipande cha gunia jingine juu ya mdomo, au anasuka kamba kuuzunguka, kisha anaendelea kupanga viazi kimoja kimoja mpaka kichwa kinasimama juu ya gunia. Kenya, ambako wakulima wa Nyandarua wanalia kilio hichohicho, gunia la namna hiyo huitwa mukorino, kwa kuwa linafanana na kilemba cha waumini wa dhehebu la Akorino. Sheria yetu ya Vipimo, Sura ya 340, na kanuni zake haziruhusu mazao ya shamba yafungashwe kwa uzito unaozidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, umekuwa ukiwasaka wafunga lumbesa msimu hadi msimu. Wakenya wameshuka zaidi: kanuni zao za viazi za mwaka 2019 zinataka mfuko wa kilo 50. Lumbesa ingalipo, huku na kule.

Tuifanyie hesabu. Dalali anafika, anasalimia “Kamwene mama”, anaulizia watoto na mvua, halafu anataja bei: gunia elfu sabini. Mwenzake aliye kijiji cha jirani anatoa elfu sitini tu, ila yeye anataka gunia lililoshonwa kwa kilo 100. Sikio la muuzaji linamkimbilia wa sabini. Sasa tuseme lumbesa lake linameza kilo 140. Elfu sabini ukizigawanya kwa kilo 140 unapata shilingi 500 kwa kilo. Elfu sitini kwa kilo 100 ni shilingi 600. Mama mwenye kilo 2,800 akimuuzia wa sabini atajaza magunia 20 na kupokea shilingi 1,400,000. Akimuuzia wa sitini atajaza 28 na kupokea 1,680,000. Zile 280,000 zilizopotea katikati ni ada na sare za shule, na hakuna aliyemdanganya kwa neno hata moja. Aliahidiwa elfu sabini kwa gunia, akalipwa elfu sabini kwa gunia.

Kilichofichwa ni namba ya pili. Kila uwiano unazo mbili: shilingi kwa kilo, dawa kwa maji, wagonjwa kwa watu, fungu kwa mali yote. Ya kwanza hutangazwa kwa sauti kubwa kwa sababu ndiyo inayovutia. Ya pili hukaa kimya chini ya mstari, na ndiyo inayoamua nani amekula na nani ameliwa. Sura hii inaihusu hiyo ya pili.

Jicho halimsaidii mkulima hapa, kwa sababu tumezoea kulikadiria gunia kwa urefu. Ukiongeza urefu wake kwa theluthi, umeongeza theluthi ya viazi, na hilo kila mtu analiona. Lakini wafungaji mahiri hulitanua gunia pia: wanalikalia, wanalitingisha, wanalisukuma kwa goti hadi linanenepa. Unene ukiongezeka kwa sehemu moja ya kumi, ujazo hauongezeki kwa sehemu moja ya kumi. Unaongezeka kwa zaidi ya sehemu moja ya tano, kwa kuwa duara hupanuka pande zote kwa pamoja. Moja nukta moja zidisha kwa moja nukta moja, unapata moja nukta mbili moja. Unene huo wa kiganja hauonekani kwa macho, ila mgongo wa kuli anayelibeba unaujua.

Kwa nini basi lumbesa haifi? Jibu jepesi ni ulafi wa walanguzi, na limerudiwa mpaka limechakaa. Mimi naliona halitoshi, maana ulafi uko kila mahali na si kila zao linafungwa lumbesa. Tazama gharama zinazoliandama gunia kutoka shambani hadi sokoni: anayeshona analipwa kwa gunia, anayebeba kulitoa shambani analipwa kwa gunia, wapakiaji wanalipwa kwa gunia, mwenye lori anatoza kwa gunia, na getini karani wa ushuru anahesabu magunia. Tuseme tozo hizo zote zikijumlishwa zinafika shilingi 6,000. Mzigo uleule wa kilo 2,800 ukifungwa magunia 20 unagharimu 120,000. Ukifungwa 28 unagharimu 168,000. Mnunuzi anaokoa 48,000 kwa kushona vizuri tu. Halmashauri nayo inapunjwa: mwaka 2017 serikali ilishusha ushuru wa mazao hadi asilimia 3 ya bei kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, lakini asilimia hiyo ikishageuzwa kuwa kiasi fulani kwa kila gunia, magunia manane yamepita getini yakiwa ndani ya matumbo ya wenzao. Anayeumia kuliko wote, nadhani, ni kuli. Bei yake ni ya gunia moja, na uti wa mgongo wake umebeba karibu gunia moja na nusu.

Ukiona hivyo utaelewa kwamba lumbesa ni jibu la busara, ya kikatili lakini busara, kwa mfumo ambao kila mtu ndani yake ameamua kutumia gunia kama namba ya pili. Kukamata gari moja Makambako na kulitoza faini hakuugusi mfumo huo. Siku ushuru, upakiaji na usafiri vitakapotozwa kwa kilo, lumbesa haitakuwa na faida kwa yeyote isipokuwa kwa mazoea.

Kuna upande wa pili wa safari ambao wakulima wengi hawauoni. Viazi vikishafika Dar es Salaam, mama wa nyumbani na kijana wa chipsi hawanunui kwa lumbesa. Wananunua kwa sado, lile kopo la rangi la lita nne ambalo jina lake limetokana na rangi za Sadolin, au kwa fungu lililopangwa juu ya meza. Huku chombo kinaanza kusinyaa. Kitako cha sado hubonyezwa kuingia ndani, au viazi vikubwa hupangwa kwa namna ya kuacha mapengo katikati. Kwa hiyo zao moja limepita katika vipimo viwili, kimoja kilichovutwa kikapanuka penye kununua na kingine kilichobonyezwa kikapungua penye kuuza, na faida ya mtu imekaa katikati ya viwili hivyo.

Ujanja huo ni wa kale mno. Katika Biblia, Kumbukumbu la Torati sura ya 25 inamkataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, zito na jepesi. Sura ya 83 ya Kurani imepewa jina la wapunjaji, na inaanza kwa kuwaonya wale wanaodai kijae wanapopimiwa wao, na wanaopunguza wanapowapimia wengine. Waswahili wa pwani walioishi na kibaba na pishi (vibaba vinne ndivyo pishi moja) walikuwa na tahadhari yao: waliagana kwanza kama pishi ni ya mfuto, yaani iliyosawazishwa mdomoni kwa kijiti, au ni ya kujazwa hadi kilele. Nafaka ileile, chombo kilekile, bei mbili tofauti. Ninavyoona, wazee hao walikuwa mbele yetu. Walijua kwamba chombo bila mapatano juu ya mdomo wake hakijawa kipimo.

Waingereza wana neno lao la jambo hili, proportion, lililowafikia kwa njia ya Kifaransa katika karne ya 14. Asili yake ni maneno mawili ya Kilatini, pro portione, yaani kwa kadiri ya fungu, kila mtu kulingana na sehemu yake. Aliyelipa nafasi katika fikra za Kirumi ni Cicero, msemaji na mwanasiasa wa karne ya kwanza kabla ya Kristo. Alikuwa akitafsiri kitabu cha Plato kiitwacho Timaeus, akakuta Wagiriki wanasema analogia, naye hakuwa na neno la Kilatini la kuliweka hapo. Akajipa ruhusa ya kutumia proportio. Kiswahili kimelipa jambo hilo jina la uwiano, na jirani yake ni deni: mtu akiwiwa ana deni, na wenye kuwiana wanadaiana. Napenda ujirani huo. Warumi walianza na fungu, sisi tuko karibu na deni, na pote pawili kuna watu wanaotazamana wakitaka haki yao.

Haki ya mafungu ndiyo iliyozaa hesabu bora kabisa ya uwiano katika nchi zetu, nayo haikufundishwa na shule ya serikali. Ni elimu ya mirathi ya Kiislamu, faradhi, iliyosomwa madrasani tangu kale kutoka Lamu hadi Kilwa, na bado inatumika kila siku Makambako na kwingineko ambako familia za Kiislamu zinagawana duka, shamba au nyumba. Kurani imetaja mafungu yenyewe: nusu, robo, thumni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Majina hayo ya sehemu tumeyapokea kutoka Kiarabu, na mengine kati yake tumeyafanya yetu kiasi kwamba mtoto anayeomba nusu mkate hajui kwamba anaongea hesabu.

Sasa chukua marehemu aliyeacha mke, binti wawili, mama na baba. Mke ana thumni, moja ya nane. Mabinti kwa pamoja wana theluthi mbili. Mama ana sudusi na baba ana sudusi. Geuza yote kuwa sehemu za 24: mke 3, mabinti 16, mama 4, baba 4. Jumla ni 27. Mali ina sehemu 24, wadai wana 27. Mtu asiye na subira angesema sheria imekosea, au angemlipa wa kwanza na wa pili kikamilifu kisha wa mwisho aambulie kilichobaki. Wanazuoni wa Kisunni walichukua njia nyingine, inayoitwa kwa Kiarabu aul: namba ya pili ndiyo ibadilike. Badala ya kugawa kwa 24, gawa kwa 27. Kila mmoja anabaki na namba yake ya kwanza, 3, 16, 4 na 4, lakini chini ya mstari sasa imekaa 27, na upungufu umewagusa wote kwa kadiri ya fungu la kila mtu. Kama mali ni shilingi 2,700,000, mke anapata 300,000, mabinti wanapata 1,600,000 kwa pamoja, mama 400,000 na baba 400,000. Imepokewa kwamba Ali bin Abi Talib aliulizwa suala hili akiwa juu ya mimbari akajibu papo hapo kwamba thumni ya mke imekuwa tusui, yaani moja ya tisa, na kwa sababu hiyo suala lenyewe likabaki na jina la mimbari. Ibn Abbas hakukubaliana na njia hiyo, na Mashia hadi leo wana njia yao. Hata hivyo, kama kanuni ya kugawana upungufu, sijaona iliyo safi zaidi. Wafilisi wa kampuni zilizofilisika hutumia wazo hilohilo wanapowalipa wadai.

Si lazima kila mgawanyo ufuate uwiano. Ile reli inayopita Makambako ina urefu wa kilomita 1,860, na kati ya hizo 975 ziko Tanzania na 885 ziko Zambia. Ilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba, kazi ikaanza mwaka 1970 na njia nzima ikakabidhiwa 1976. Kama Mwalimu Nyerere na Kenneth Kaunda wangefuata kilomita, Tanzania ingeshika zaidi kidogo ya nusu. Walikubaliana nusu kwa nusu. Reli inayokomea njiani haina thamani kwa yeyote: bila nusu ya Zambia, shaba haifiki bandarini, na bila nusu ya Tanzania, hakuna bandari. Wao waliwapima wenzi kwa umuhimu badala ya urefu, na hilo nalo ni kuchagua namba ya pili.

Nirudi shambani, maana mtu akinisoma hadi hapa anaweza kudhani mkulima wa Njombe hajui uwiano. Anaujua sana, mara nyingi anaujua kuliko karani. Kibandiko cha dawa ya ukungu kikisema gramu 50 kwa maji lita 20, na bomba lake la mgongoni likawa la lita 16, anajua anahitaji gramu 40, hata kama anazipima kwa kifuniko cha chupa. Mvua za Njombe na baridi yake havisamehe anayekosea: dawa ikiwa hafifu, majani ya viazi yanaungua kwa siku chache, ikiwa kali, hela imemwagwa na mmea unaweza kudhurika.

Kwenye mbolea mambo huwa magumu kidogo, kwa sababu pale namba ya pili imeandikwa mfukoni kwa maandishi madogo. Urea ina naitrojeni asilimia 46, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za chakula chenyewe cha mmea. Zilizobaki ni za kukibeba. CAN yenye asilimia 27 ina kilo 13 na nusu katika mfuko wa ukubwa uleule. Tuseme urea inauzwa 70,000 na CAN 60,000. Anayetazama mfuko atasema CAN ni nafuu. Anayegawanya ataona kwamba kwenye urea kilo moja ya naitrojeni imemgharimu kama 3,000, na kwenye CAN zaidi ya 4,400. Zipo sababu nzuri za kuchagua CAN, mojawapo ikiwa udongo wa Njombe ambao sehemu nyingi una tindikali, na urea huongeza tindikali hiyo. Lakini achague akijua analipia nini. DAP inayotumika kupandia huandikwa 18-46-0: naitrojeni 18, fosfati 46, potasiamu hakuna. Na kiazi ni mlaji mkubwa wa potasiamu. Sifuri ile ya mwisho inastahili kusomwa kwa makini kuliko namba zote zilizoitangulia.

Parachichi limeleta uwiano mpya kabisa. Hass, ile aina ya ngozi ya kukwaruza inayopelekwa Ulaya, haiivii mtini. Huiva baada ya kuchumwa, na likichumwa changa halitaiva, litasinyaa na kuwa kama mpira. Rangi haisemi kitu na ukubwa unadanganya. Kwa hiyo wanunuzi hupima ukavu: kipande cha nyama ya tunda hupimwa kikiwa kibichi, hukaushwa hadi maji yote yaishe, kisha hupimwa tena. Gramu 10 zikibaki gramu 2.4, tunda lina ukavu wa asilimia 24, kiwango ambacho Kenya imekiweka kwa Hass ya kuuzwa nje. Maji yakipungua ndani ya tunda, mafuta yanachukua nafasi yake. Mkulima anayemkatalia mnunuzi mwenye haraka mwezi wa mwanzo wa msimu, akisubiri ukavu ufike, anatetea bei ya msimu ujao wa mkoa mzima. Chai ya Lupembe nayo ina uwiano wake, kilo nne na nusu hadi tano za majani mabichi kwa kilo moja ya chai kavu, na kila mkulima anayebishania bei ya majani mabichi angeanzia hapo.

Limebaki suala la asilimia zinazoandikwa juu ya watu wa Njombe wenyewe, na hapa namba ya pili imewaumiza bila kuwapo dalali.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 uliweka maambukizi ya VVU kwa watu wazima wa Njombe kuwa asilimia 12.7, ya juu kuliko mkoa wowote nchini, wakati wastani wa taifa ni 4.4. Utafiti uliotangulia, wa 2016 hadi 2017, ulikuwa umeipa Njombe 11.4. Vichwa vya habari vikasema Njombe inaongoza, na msomaji wa haraka akaelewa kwamba wagonjwa wengi wa nchi hii wako Njombe. Sivyo. Sensa ya 2022 iliwahesabu Njombe watu 889,946 na Dar es Salaam 5,383,728, mara sita zaidi. Kwa hesabu ya juujuu, Dar es Salaam ingehitaji kiwango kinachozidi kidogo asilimia 2 tu ili kuwa na idadi ileile ya watu wanaoishi na VVU kama Njombe. Asilimia inamwambia kijana wa Makambako hatari iliyo karibu naye. Idadi inaiambia wizara ni dozi ngapi zipelekwe wapi. Zote mbili ni za kweli, na ukitumia moja kujibu swali la nyingine umekosea.

Udumavu wa watoto unasomwa vibaya zaidi. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta nusu ya watoto wa Njombe walio chini ya miaka mitano wamedumaa, Iringa ikiwa juu zaidi, na taifa likiwa asilimia 30. Watu wa mikoa mingine hucheka: ghala la chakula lenye watoto waliodumaa! Lakini mtoto huyu hakukosa chakula. Alikosa uwiano ndani ya sahani. Ugali na viazi vinajaza tumbo. Maharage, mayai, maziwa, dagaa na matunda ndivyo vinavyojenga mfupa, na mama aliyeshinda shambani tangu alfajiri hana muda wa kumlisha mara tano kwa siku. Na akina mama ndio wengi waliobaki. Sensa ya 2012 iliwakuta wanawake 372,738 na wanaume 329,359, yaani wanaume 88 kwa kila wanawake 100, pungufu ya wastani wa taifa wa 95. Wanaume wa Njombe wamekuwa wakiondoka kutafuta kibarua tangu enzi za mashamba ya mkonge ya Tanga.

Turudi kwenye zile asilimia 11.4 na 12.7, maana kuna jambo ambalo sijaona likielezwa vya kutosha kwa wasomaji wa kawaida. Kiwango cha maambukizi ni watu wanaoishi na VVU, wakigawanywa kwa watu wote wazima. Namba ya juu inaongezeka kwa njia mbili: watu wapya wakiambukizwa, au walioambukizwa zamani wakiendelea kuishi. Kabla dawa za kufubaza virusi hazijaenea, namba hiyo ilipunguzwa na makaburi. Sasa mtu anayemeza dawa zake kila siku anazeeka, analima, anasomesha, na kila utafiti unapopita anahesabiwa tena. Kwa hiyo msomaji ukiona asilimia ya Njombe imepanda, usihukumu mwenendo wa watu wake kabla hujatafuta namba nyingine, ile ya maambukizi mapya kwa mwaka. Bila hiyo, kupanda kwa kiwango kunaweza kabisa kuwa na maana kwamba watu wa Njombe wanatibiwa na hawafi.